Mwanangu wa kwanza hakutambaa

Hii ilikuwa 2016, tunakaa Mbagala chumba na sebule, mwanangu wa kwanza katimiza miezi 10 na hatambai. Kukaa anakaa, tena vizuri tu, punje ya wali ikidondoka sakafuni anaiokota kwa vidole viwili kama anachambua mchele, ila ukimlaza kifudifudi ni kilio mpaka umnyanyue. Mtoto wa jirani kamzidi wiki mbili tu na kila asubuhi anakuja mpaka mlangoni kwangu kwa magoti, mama yake nyuma anacheka, mi roho inaniuma.

Nikampigia mama mkwe Tanga, kesho yake kapanda basi. Hakuuliza mengi. Kachimba shimo uani, akamsimamisha mjukuu wake humo na kumfukia mchanga mpaka kiunoni. "Mumeo naye tulimfanya hivihivi." Mtoto wala hakulia, akawa anakula mchanga. Siku tatu mfululizo.

Ya nne nikambeba kliniki kimyakimya. Mzani ukasoma kilo 8 na nusu, nesi akaweka nukta kwenye kadi, mstari unapanda kama kawaida, nikamwambia dada shida sio kilo, huyu hatambai. Akamshika kwapani akamsimamisha, miguu yote miwili ikawa inasukuma sawasawa, akasema angeegemea mguu mmoja tu siku zote hapo ningeshtuka. Halafu akamkalisha kwenye mkeka akarusha funguo zake mbele, mbali kidogo. Mwanangu akaziangalia, akaniangalia mimi, akakunja mguu, mkono chini, akaanza kusota kwa makalio, shwa shwa shwa, mpaka akazifikia na moja kwa moja mdomoni.

Na nyumbani alikuwa anafanya hivyo kila siku jamani, mi najua anacheza!

Nesi akacheka sana. "Mama, huyu ana usafiri wake. Wapo wasiotambaa kabisa, wanasota weee, siku moja wanasimama. Akifika mwaka na nusu hajatembea ndo uniletee." Nikarudi na daladala nimempakata nacheka peke yangu, pampasi imejaa vumbi la sakafu ya kliniki.

Alitembea na miezi 15. Suruali zake zote zilitoboka makalioni, nimeshona viraka mpaka nikachoka, na bibi yake ukimuuliza mpaka leo anakwambia ni ule mchanga.