Ukikagua wodi, anza na sefti boksi
Ukikagua hatari wodini, makaratasi baadaye. Tazama kwanza sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia sindano zilizotumika: liko karibu na mkono, au muuguzi anavuka chumba na sindano iliyotumika? Likifika robo tatu lifungwe. Wengi hulishindilia lijae pomoni, na hapo ndipo vidole huchomwa. Kurudishia kifuniko sindano nako ni kosa sugu, hasa zamu ya usiku.

Waulize wafanya usafi (husahaulika kila mara!) kama wamepata dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B: mwanzo, mwezi 1, miezi 6.

Aliyechomwa aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asiminye jeraha, aripoti papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema, kabla ya saa 72 kupita, zimezwe siku 28.