Kufunga akaunti ya Linux mpaka ifungike kweli

Ukiuliza namna ya kumzuia mtumiaji aliyeacha kazi, jibu huwa lilelile: "Piga passwd -l, umemaliza." Ushauri huo unanikera. Amri hiyo huweka alama ya ! mbele ya nywila iliyosimbwa ndani ya /etc/shadow, faili linalohifadhi nywila za mfumo, basi. Inafunga nywila, haifungi akaunti.

Niliupima kwenye seva ya majaribio ya Debian, kwa akaunti niliyoiita juma. Baada ya kufunga, passwd -S juma ilionyesha L, imefungwa. Nikaja na ufunguo wa SSH (faili la siri la kuingilia seva kutoka mbali bila nywila), nikapokelewa kama mwenye nyumba. Ufunguo hauhitaji nywila, na pam_unix, kipande cha PAM (mfumo wa Linux unaoamua nani aruhusiwe kuingia), inapokagua akaunti haiitazami ile !.

Nikabadili sheli, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji akishaingia, nikaweka nologin ambayo kazi yake ni kumkatalia tu: usermod -s /usr/sbin/nologin juma. Sasa nikitaka kuingia natimuliwa papo hapo. Safi? Jaribu hii:

ssh -N -L 5432:localhost:5432 juma@seva

Amri hii hupitisha mlango 5432 wa seva hadi kwenye kompyuta ya juma, na ilipita kimya kimya! Kwa sababu ya -N hakuna sheli inayoombwa, hivyo nologin haiitwi kabisa, na juma anaifikia PostgreSQL (hifadhidata) yako ya ndani kwa raha zake. Crontab yake, orodha ya kazi ambazo cron huziendesha zenyewe kwa ratiba, nayo iliendelea kufanya kazi, maana cron hutumia /bin/sh, haijali sheli iliyoandikwa kwenye /etc/passwd.

Kinachofunga kweli ni tarehe ya ukomo wa akaunti:

usermod -L -e 1 -s /usr/sbin/nologin juma

Hiyo 1 ni siku moja baada ya 1 Januari 1970, yaani tarehe 2 Januari 1970, iliyokwisha kupita. Usiweke 0, kwani inaweza kusomwa kuwa akaunti haina ukomo. Ukomo ukishapita, PAM inakataa hata mwenye ufunguo, na kwenye Debian cron nayo inagoma. Ajabu ni kwamba mwongozo wa usermod umeyasema haya palepale chini ya -L.

Aliyekwisha kuingia hatolewi na chochote kati ya hivyo. Funga kwanza, ndipo upige pkill -KILL -u juma, inayoua programu zake zote zinazoendelea. Ukigeuza mpangilio, ataingia tena katikati. Usikimbilie userdel, yaani kuifuta akaunti: mtumiaji mpya anaweza kupewa UID (namba ya mtumiaji) ileile akarithi mafaili yaliyobaki. Kumrudisha ni usermod -U -e '' -s /bin/bash juma.

Halafu fungua /root/.ssh/authorized_keys, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kama root (msimamizi mkuu), na orodha kama hiyo za akaunti za pamoja kama deploy. Ufunguo wa juma ukiwa humo, kufunga akaunti yake hakumgusi.