Namba Mbili na Majina Manne

Mwezi Julai mwaka 2019, nikiishi Jinja pamoja na mume wangu na binti yetu wa kwanza, nilipokea karatasi ya maabara iliyoandikwa 1,180, na kwa siku 12 zilizofuata niliamini kwamba nimebeba mapacha.

Kipimo kile sikukitafuta kwa udadisi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba katika wiki ya 6, na dalili ya kwanza ya msiba ule ilikuwa namba. Homoni ya mimba, ile inayoitwa hCG, ilipimwa katika damu yangu ikawa 212, na baada ya siku mbili, wakati ilipotarajiwa kukaribia maradufu, ikawa 241 tu. Sista aliyenikabidhi jibu aliniambia niende kwa daktari siku hiyohiyo, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akiangalia daftari lake. Kwa sababu hiyo, mimba ya safari hii ilipojitokeza, daktari aliagiza nipimwe mapema, mara mbili, na kati ya kipimo na kipimo zipite saa 48.

Damu ya kwanza ilitolewa Jumanne asubuhi, siku ya 32 tangu hedhi yangu ya mwisho ilipoanza, yaani wiki 4 na siku 4 kwa hesabu ya wakunga. Kliniki ile haikuwa na mashine ya kupimia kiwango chenyewe. Ilikuwa na kile kijiti cha mkojo kinachojibu ndiyo au hapana. Kwa hiyo chupa yangu iliwekwa katika kisanduku chenye barafu, ikapandishwa taksi ya Kampala, na jibu likarudi Jumatano jioni. Kijana wa maabara alilisoma, akatazama jedwali katika simu yake, akatabasamu. Jedwali lilionyesha kwamba mwanamke wa wiki ya 4 huwa na kati ya 5 na 426. "Hongera, mama," akasema, "hii si ya mtu mmoja."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiwa nimekunja karatasi ile ndani ya kiganja.

Ni lazima nieleze neno lile lilianguka katika nyumba ya namna gani. Mimi nilikulia katika kambi ya jeshi ya Gaddafi, hapo hapo Jinja, ambako watoto wa makabila mbalimbali tulikutana bombani na kugombana kwa Kiswahili, na kwetu mapacha walikuwa mapacha, basi. Lakini mume wangu ni Muganda, na kwa Waganda mapacha hubadilisha majina ya nyumba nzima. Baba huwa Ssalongo na mama huwa Nnalongo mpaka mwisho wa maisha yao. Wavulana huitwa Wasswa na Kato, wasichana huitwa Babirye na Nakato, yule wa kwanza kutoka akichukua jina la kwanza. Hata mtoto aliyewatangulia hupata jina, Kigongo, na atakayewafuata ataitwa Kizza. Mume wangu alipompigia mama yake simu Mukono usiku ule, nilimsikia mama mkwe akipiga vigelegele, na kabla simu haijakatwa alikuwa amekwisha kumwita binti yetu Kigongo.

Alhamisi, saa ileile ya asubuhi, nilitoa damu ya pili. Ijumaa jioni jibu likaja: 2,596.

Jumamosi nilikwenda kwa daktari, mama wa makamo ambaye husikiliza kwanza kabla ya kuandika. Aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akafurahi, lakini furaha yake haikuwa ile niliyoitaka. Alisema kwamba mimba yangu inakua vizuri, kwamba kiwango kimezidi maradufu ndani ya saa 48, na kwamba kwa mtu aliyepitia niliyoyapitia hilo ndilo jambo la kushukuru. Nilipomuuliza kuhusu mapacha alichukua kalamu. Aliandika 1,180, akaigawa kwa mbili akapata 590, akaigawa tena akapata 295. "Mwanangu," akasema, "kama yai lako lingetoka siku 4 baadaye, Jumanne ungekuwa na kiasi cha 295, na hapo ungekuwa ndani ya jedwali, na mtoto angekuwa yuleyule." Mzunguko wangu ni mfupi, wa siku 24 au 25, na jedwali lile huhesabu kana kwamba kila mwanamke hupevusha yai siku ya 14.

Aliendelea kunieleza, na nayakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu niliyasikia kama mtu anayesikia habari asizozipenda. Homoni hii hutolewa na chembe zinazojenga kondo la nyuma. Ni kweli kwamba wenye mapacha, wakichukuliwa kwa wastani, huwa na kiwango cha juu zaidi, lakini viwango vya wenye mtoto mmoja vimetawanyika mno hata vikawafunika wale wa mapacha. Mwendo wa kuongezeka nao haumtambulishi mwenye wawili, kwa kuwa mimba zote hizo huongezeka kwa kasi inayokaribiana. Kiwango kilicho juu kupita kiasi chaweza pia kuwa mimba zabibu, ambayo haina mtoto wa kuzaliwa. Namba mbili zinazofuatana humsaidia daktari kuona kama mimba inasonga mbele, au inasuasua kama ile niliyoipoteza, au pengine imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Idadi ya watoto huonekana kwa ultrasaundi peke yake. Aliniambia nisubiri hadi wiki ya 6 ipite, wakati ambapo moyo huweza kuonekana, badala ya kukimbilia picha mapema na kuambiwa kwamba hakuna kitu.

Nilielewa kila neno. Mimi ni mwalimu, na kugawa kwa mbili si jambo linalonishinda. Hata hivyo nilitoka pale nikiwa bado nina wawili. Ukweli ambao sikumwambia daktari, wala mume wangu, ni kwamba tangu Jumatano ile nilikuwa nimeamini kuwa yule aliyeondoka mwaka uliopita anarudi, na kwamba safari hii amekuja na mwenzake ili asiogope. Kila asubuhi kichefuchefu kiliponikamata nilihesabu kuwa ni ushahidi. Usiku niliyapanga majina yale manne, nikijaribu Wasswa na Nakato, kisha Babirye na Kato.

Jumatatu ya siku ya 45 tulipanda taksi kwenda Kampala. Tulipita msitu wa Mabira madirisha yakiwa wazi, na tulipofika Namawojjolo, pale wachuuzi wanapokimbilia magari na vijiti vya kuku wa kuchoma, ilinibidi nizibe pua kwa leso hadi gari lilipoondoka.

Chumba cha picha kilikuwa na giza na baridi. Mpimaji alikuwa mwanamume mpole. Aliizungusha skrini ili nami nione. Kifuko kimoja cheusi. Ndani yake pete ndogo ya kifuko cha kiini, na kando yake kitu kama punje ya mchele, kikimetameta katikati. Alipima urefu, milimita 9, akasema ni wiki 7 kamili, ilhali kwa tarehe zangu ilikuwa wiki 6 na siku 3. Siku 4. Zilikuwa zilezile siku 4 za kalamu ya daktari.

"Na wa pili?" nikauliza.

Hakunijibu upesi. Alikisogeza kipimo kulia na kushoto, juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kwa moyo kitu alichoombwa. "Yupo mmoja, mama. Moyo wake unapiga mara 128 kwa dakika."

Nililia. Mume wangu alinishika mkono akidhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha, lakini nusu nyingine ilikuwa kwa ajili ya mtoto ambaye nilikuwa nimempoteza mwaka uliotangulia na ambaye sikuwahi kumlilia mbele ya mtu. Mpimaji alisubiri. Kisha, bila kuombwa, akaikuza picha ile ili ijae skrini nzima, akatuachia tuitazame.

Wakati wa kurudi gari lilisimama tena Namawojjolo. Mume wangu alimpigia mama yake, akamweleza kwamba ni mmoja, na nikajiandaa kusikia kimya. "Ni mzima?" sauti ya mama mkwe ikauliza. Mume wangu akasema ni mzima. "Basi mpe mama yake chakula." Kuku bado sikumweza, lakini ndizi za gonja zilizochomwa nilikula mbili, zikiwa bado za moto.