Babu wa Ukunda

Kwanza la nauli, nisije nikalisahau. Basi la Tanga kwenda Mombasa tuliuziwa kwa bei ya basi lenye kiyoyozi. Kiyoyozi kweli kilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kumdondoshea maji abiria wa dirishani, na abiria huyo ni mimi. Kondakta nilipomlalamikia alinipa gazeti la jana nijifunike bega. Nikajifunika.

Nilikuwa naenda kwenye harusi ya mpwa wangu. Usharikani ilikuwa juma la uinjilisti, na mchungaji aliposikia nasafiri akanikabidhi bahasha ya vipeperushi: kila mtu ashuhudie huko anakokwenda. Mimi ni mwanakwaya. Kusimama mbele ya kanisa lililofurika hakunitishi hata kidogo, maana pale naimba na wenzangu na maneno yameshaandikwa. Kumgeukia mtu mmoja uso kwa uso ni habari nyingine. Na jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa kwa mkono, tasbihi inapita vidoleni taratibu. Nikamwamkia, akaitikia, nikaisukuma ile bahasha chini ya paja.

Horohoro, mpakani, tulishuka kugonga pasi. Vijana wa kubadilisha hela wakatuzunguka. Mmoja, mpole kweli, ananiita mama kila neno, akazihesabu noti za Kenya mbele ya macho yangu, akanipa, kisha akasema, "Ngoja mama, nadhani nimekuzidishia." Akazichukua, akahesabu tena, akacheka, akasema ziko sawa, akanirudishia. Niliporudi kitini nikazifungua. Noti tatu za elfu moja moja zilikunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Elfu tatu za Kenya! Nikatazama dirishani, kijana hayupo, kana kwamba ardhi imemmeza.

Nilivyokuwa nikipekua mkoba kwa hasira, nikidhani huenda noti zimeangukia humo, bahasha ikachomoka na vipeperushi vikamwagika kwenye kanzu ya yule mzee. Akaokota kimoja. Akatoa miwani mfuko wa kifuani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akasoma ukurasa wa mbele, akageuza, akasoma wa nyuma. Mimi nimekauka.

"Hizi zako, mwanangu?"

"Zangu, babu. Nisamehe, zimeniponyoka."

"Toka Tanga umezikalia kama kuku wa mayai. Za kugawa hizi, au za kuatamia?"

Nikakosa la kusema. Akauliza, "Uliona nitakupiga?" Kijana wa kiti cha mbele akavua kisikizi kimoja ili asikie vizuri.

"Haya sema," mzee akaniambia. "Basi lenyewe haliendi."

Kweli haliendi, abiria mmoja alikuwa na kasoro kwenye hati yake ya kusafiria na dereva alishatandika kanga kivulini. Nikaomba kimoyomoyo, ombi fupi la mtu aliyebanwa: Bwana, mdomo ni huu hapa, sina kingine. Tunafundishwa kwamba Yesu aliwaambia wanafunzi wasihangaikie watakalosema siku watakapoulizwa, watapewa saa ileile. Nilikuwa nimelisikia likihubiriwa mara nyingi nikidhani linawahusu watu wanaopelekwa mbele ya mahakimu. Kumbe na Horohoro.

Hotuba ya kipeperushi sikuikumbuka hata mstari. Nikamweleza ya kwangu. Mwaka niliofiwa na mume wangu, madeni yake yalikuja mlangoni kabla arobaini haijafika, nikawa naamka usiku wa manane nazungumza na Yesu kama mtu ninayemdai majibu. Nikamwambia amani iliyonijia ilinikuta madeni yakiwa palepale, na kwamba naamini aliyenipa amani ile yu hai, alikufa kwa ajili yangu akafufuka. Sauti ilitetemeka. Kijana wa mbele akasema, "Mama, pandisha kidogo, huku hatusikii."

Mzee hakunikatiza. Nilipomaliza akasema na wao wanamheshimu Isa bin Maryamu, ila sisi tunapomwita Mwana wa Mungu ndipo tunapoachana njia, na akaniuliza maswali ambayo mwalimu wangu wa kipaimara hakuwahi kuniuliza. Mawili nilijaribu. La tatu nikamwambia wazi, babu, hili linanizidi. Akatikisa kichwa, nadhani kwa kuridhika. Kisha akaniuliza kama nimeshamsamehe kijana wa noti. Nikamwambia bado. Akacheka mpaka akakohoa.

Basi lilipoondoka, yeye ndiye aliyeendelea kusema. Aliposikia nataka kufika Rabai, kilimani nje ya Mombasa, baada ya harusi kwa sababu ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa zamani, akaniuliza kama najua nani alimsaidia Krapf kutafsiri. Sikujua. "Kadhi wa Mombasa," akasema. Krapf alipoanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, 1844, alikaa na kadhi. Na barua aliyokuja nayo ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani kuwa ni mtu mwema iliandikwa na Sayyid Said wa Unguja. "Sasa wewe unaniogopa mimi," akasema, "na mzungu wenu alifunguliwa mlango na Waislamu."

Akashuka Ukunda. Kipeperushi alikikunja akakitia mfukoni pamoja na miwani. Akasema atamsomea mkewe, na mkewe atabishana na kila mstari.

Likoni tukavuka kwa feri. Waenda kwa miguu hawalipi, jambo pekee la bure safari nzima. Harusi ilifana. Pilau ilikuwa na chumvi nyingi.

Kwenda Rabai unapanda matatu ya barabara ya Nairobi, unashuka Mazeras, unachukua bodaboda. Kijana aliposikia "samahani kaka, naomba unipeleke," akanitambua mara moja kuwa Mtanzania, na bei ikaongezeka shilingi mia. Adabu ina gharama yake kule.

Nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa 1887, limetulia tu kati ya miembe na minazi, na makumbusho ni madogo, unayamaliza kabla miguu haijachoka. Lakini nilikaa pale nje muda mrefu kwa sababu ya hesabu moja iliyokataa kunitoka kichwani. Krapf alifika Mombasa 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao, ng'ambo ya kisiwa. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza. Yeye akawaandikia waliomtuma kwamba sasa wana kaburi Afrika Mashariki, na hiyo ni ishara kwamba kazi imeanza. Miaka miwili baadaye, mmisionari mwenzake Rebmann alipomfuata, wakakipanda kilima hiki cha Rabai, Krapf akiwa na homa.

Krapf husifiwa zaidi, kwa kamusi na tafsiri. Mimi nilimfikiria Rebmann. Huyu mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, wataalamu wa Ulaya wakamcheka, na hakwenda kugombana nao. Alibaki pwani mpaka 1875, alipoondoka macho yamekufa karibu kabisa. Waliobatizwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Wa kwanza ni mlemavu aitwaye Mringe, aliyebatizwa akiwa anakaribia kufa. Leo kwetu mhubiri akimaliza juma bila kutangaza idadi ya waliookoka, wafadhili wanauliza. Wapo wanaofunga spika stendi ya mabasi Tanga alfajiri wakawafokea watu wanaotafuta riziki, na tunawaita majasiri. Sitaki kuwahukumu, lakini spika haiulizwi swali la tatu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza mtaa wetu wa Tanga. Jirani yangu Bi. Zuhura tumeishi ukuta mmoja tangu watoto wadogo. Idi analeta biriani, Krismasi napeleka maandazi na kuku, msiba wake wangu, wangu wake. Alinishika mkono mume wangu akizikwa. Na hajawahi kunisikia nikimweleza ni nani niliyekuwa nazungumza naye usiku ule, ingawa ukuta ni mwembamba na lazima alinisikia nikilia. Mzee wa Ukunda nilimwambia ndani ya nusu saa.

Basi la kurudi kiyoyozi hakikuvuja. Hakikuwepo.

Nilipofika, Bi. Zuhura ndiye aliyetoka kunipokea begi. Akaniangalia miguu, imejaa vumbi jekundu.

"Mwenzangu, harusi ilikuwa shambani?"

"Nilipitia Rabai."

"Rabai kuna nini?"

Nikamwambia abandike chai kwake, kwangu mkaa umekwisha, maana ni habari ndefu. Akaleta na mbaazi. Nikaanza na yule kadhi.