Ngazi za shule saa ya kwenda nyumbani

Februari 3, 2020, jioni watoto wakitoka madarasani, mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega, nchini Kenya, uliua wanafunzi 14. Bado shule nyingi za ghorofa zinapiga kengele moja, na watoto wote wanamiminika pamoja.

Mtoto akianguka ngazini, walio nyuma hawamwoni. Wanazidi kusukuma, walioangukiwa wanabanwa kifua na kukosa pumzi. Kufoka "msisukumane!" hakufui dafu: anayesukuma naye anasukumwa.

Kwa hiyo punguza wanaofika ngazini kwa pamoja. Watoke kwanza wa chini kabisa, kisha ghorofa ya kwanza, kisha ya pili, darasa moja moja. Anza na mwachano wa dakika tatu. Simama chini na saa: madarasa mawili yakikutana ngazini, ongeza dakika. Gredi ya 1 hadi ya 3 zisipangiwe ghorofani kamwe, na pale sekondari ya chini inapotumia ngazi hizohizo, Gredi ya 7 hadi ya 9 wasubiri wadogo waishe.

Mwalimu wa kipindi cha mwisho atangulie mbele ya darasa lake. Yeye ndiye breki. Wengi hukaa nyuma, tena na kiboko mkononi (Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001, ila wapo wasiosikia). Watoto wakimkimbia aliye nyuma, wa mbele ndiye anayeanguka. Hiyo si nidhamu hata kidogo.

Kila ngazi zinapokata kona asimame mtu mzima. Kiranja wa miaka 11 hawezi kuzuia umati. Mwache mlangoni mwa darasa ahesabu wenzake. Wateremke upande wa kushoto, begi mgongoni, mkono mmoja kwenye chuma cha kushikilia.

Kinachosahaulika zaidi ni lango. Likifunguliwa nusu, foleni inarudi nyuma mpaka ngazini. Lifunguliwe lote kabla ya kengele, na bodaboda na wazazi wasogezwe kando. Milango ya madarasa ifunguke kwa nje. Balbu ya ngazini iwe inawaka. Mvua ikinyesha, wabaki madarasani, kwani ngazi huteleza na kila mtoto anataka kukimbia.

Ratiba hii ipimwe upya kila Januari, madarasa yanapobadilishana vyumba.