Moshi wa Nyonyo

Jumamosi mke wangu alikuwa akimnyoosha binti yetu nywele. Kampaka mafuta ya nyonyo, kidogo tu anadai, kisha akapitisha pasi. Mimi nipo barazani na kahawa yangu, harufu ikanifuata huko huko nje: tamu, nzito, kama karanga zilizosahauliwa jikoni. Nikainuka nikaenda kusimama njiani.

"Mama, nywele zangu zinanuka? Mbona Baba kakimbia?"

Hazinuki, mwanangu. Zinanukia Maskati, na baba yako ana deni kule.

Mwaka wenyewe ni wa Gonu, 2007. Wenye jamaa Oman wanakikumbuka kimbunga kile cha Juni, wadi, yale mabonde makavu ya mito, zilivyofurika zikabeba magari kama makumbi ya nazi. Nilifika Maskati Oktoba, maji yameshakauka, lakini yaliacha tabaka la udongo mwororo kama unga wa sembe, ukikanyaga unafuka mpaka gotini. Udongo huo una sehemu yake katika habari hii, au niseme niliupa mimi.

Nilikuwa na miaka 19 na sifa moja: miaka miwili ya kushika spana kwenye gereji ya Vespa mjini Unguja. Kushika spana ni kitu kimoja, kuwa fundi ni kingine, ila sikumfafanulia mtu. Mke wa ami akinitambulisha kwa majirani, "huyu fundi wetu kutoka nyumbani," mimi natazama chini kwa adabu na kuacha ipite.

Ndipo ami akarudi na lori. Alikwenda kulichukua Dubai kwa gari, kwa sababu mafuta yake hayapandi ndege. Lori lenyewe la kuchezea, la rimoti, urefu kama mkono wangu mpaka kiwikoni, zawadi ya mwanawe wa miaka 12 aliyefanya vizuri skuli. Nikasema moyoni, mwanasesere wa betri. Ami akafungua boneti ya plastiki. Ndani mlikuwa na injini. Injini kweli, ya cc 2.5, ina kabureta, klachi, ekzosi, na kamba ya kuvutia. Pistoni yake haifiki unene wa kidole gumba changu, na inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Vespa ikifika 6,000 tu mlango wa jirani unatetemeka.

Nilitafuta waya wa plagi nikaukosa. Haina koili, haina cheche. Ndani ya plagi mna uzi wa platinamu uliosokotwa, unaupasha moto kwa betri ndogo wakati wa kuwasha, ukishawaka unaondoa betri na methanoli, aina ya spiriti ambayo ndiyo mafuta yake, yenyewe inaendelea kuuweka mwekundu. Petroli haigusi. Ni methanoli, nitromethani asilimia 20, na oili, na sehemu ya hiyo oili ni nyonyo. Ndiyo hiyo niliyoinusa Jumamosi.

Ami aliifunda ile injini kama mwali. Tangi tano za mwanzo ilikula mafuta mengi kuliko inavyotaka, inatembea pole pole, inakohoa, inatapika moshi wa buluu, kisha inazimwa ipoe kabisa kabla ya tangi nyingine. Kila ikizimwa aliizungusha kwa mkono mpaka pistoni ishuke chini, maana slivu yake, ile silinda ndogo pistoni inamopanda na kushuka, ni nyembamba juu, na pistoni ikilala pale juu wakati chuma kinapoa, inautanua ule wembamba. Jioni alichoma mafuta yote yaliyobaki, akadondosha oili kidogo ndani kwa sababu methanoli inavuta maji kutoka hewani, na bahari iko pale pale. Sponji ya kuchujia hewa ilioshwa na kupakwa oili, na hiyo akampa kijana iwe kazi yake. Kijana aliifanya kwa ibada. Vidole vyake vilinata hata kwenye mkate.

Joto walipima kwa mate. Unatema tone juu ya kichwa cha injini: likikaa tu, ni baridi, mafuta mengi, likichemka taratibu kwa sekunde tatu mpaka tano, sawasawa, likiruka papo hapo, zima.

"Moshi ndio uhai wake," ami aliniambia. "Oili yake haimo kwingine, imo ndani ya mafuta. Ukibana mafuta, umebana na oili."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini gerejini kwetu watu walikuja kulalamikia moshi. Sikumbuki hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba Vespa yake haitoi.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, wikendi ya Oman enzi zile, na ami amekwenda Sohar. Saa saba mchana, uani, jua limesimama. Lori liliwaka, likawa linaguruma kwa uvivu na kukohoa kila nikitia resi. Nikachukua bisibisi bapa. Kijana alikuwa amechuchumaa pembeni na kitabu chake, kidole kwenye mstari.

"Kaka, wanasema thumuni ya mzunguko, halafu usubiri."

"Na robo ni kitu gani? Thumuni mbili."

Nikakaza sindano ya mafuta, ile skrubu inayobana mafuta yanayoingia, robo. Kukohoa kukaisha. Moshi ukawa uzi. Nikakaza tena, kidogo, kwa raha zangu, na uzi ukapotea. Nilimtazama kijana kama mganga aliyemtoa mtu shetani. Mngurumo wa bila resi ulitulia, ukitia resi inapanda kama imepigwa kofi. Mke wa ami alitoka jikoni kuuliza kama tumebadilisha injini.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba niliseti katika hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Jua likishuka hewa inapoa na kuwa nzito, injini inavuta hewa zaidi kwa tone lile lile la mafuta. Kilichobanwa saa saba, saa kumi na moja kimebanwa zaidi na hakuna aliyekigusa. Sisi tukaenda wadini saa kumi na moja.

Hapa ndipo ninapokaa kila nikiinusa ile harufu. Wadi imekauka, milima nyuma yetu ina rangi ya tende. Kijana akanipa rimoti mwenyewe, "kaka, wewe umelitengeneza, anza wewe." Nikaliachia. Halikuondoka, liliruka. Vumbi la Gonu likainuka nyuma yake kama pazia, na ndani ya pazia ile sauti, nyembamba, safi, inapanda juu ya pale nilipodhani pana mwisho, inapanda tena. Sijapata kusikia kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye chuma. Hakuna moshi, hakuna kikohozi. Kijana alikuwa anaruka ruka na kupiga makofi. Nililipitisha mbele yetu mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu nikaachia resi ili ligeuke.

Sauti ikakataa kushuka.

Kidole changu kimeshaondoka. Lori lilitakiwa kupunguza mwendo, klachi iachie, lakini injini inaendelea kulia juu kule kule, kama mtu anayeitwa na haitiki. Nilijua. Sitadanganya hapa, nilijua, mwili ulijua kabla ya kichwa. Nilikuwa na nafasi ya kulikimbilia na kuliziba ekzosi kwa kitambaa kilichokuwa begani mwangu. Nilihesabu hatua, labda ishirini. Badala yake nikatia resi tena, kidogo, nikidhani itajirekebisha. Au nikitaka kuisikia tena. Sijui.

Ikalia pumzi mbili, kisha tak, kama mtu aliyevunja ukuti mkavu. Lori likabingirika kimya mpaka likasimama lenyewe.

Kijana alifika kabla yangu. Akatema mate juu ya kichwa cha injini, na yale mate hayakuchemka, yaliruka. Alinitazama na mdomo bado wazi.

Lilipopoa tulifungua. Uzi wa plagi umekatika, umepauka, umejaa chembe za kung'aa. Injini mpya ya aina hii ukiizungusha kwa mkono inabana pale juu, inakupinga. Yetu ikazunguka laini kama kifuniko cha chupa ya soda.

Ami alirudi usiku. Hakuuliza kitu, aliketi chini ya taa ya uani na bisibisi zake. Alianza na sponji. Ilikuwa ya kijivu, imejaa ule unga wa wadini. Akaibonyeza.

"Hii ilipakwa oili?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bisibisi bapa ilikuwa bado mfukoni mwangu, naihisi pajani. Kijana alikuwa kati yetu. Akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi, akarudisha macho chini.

"Nilisahau," akasema.

Ami akatikisa kichwa. Vumbi, akasema, likipita pale linasaga slivu kama msasa, basi tena. Hakukuwa na injini nyingine mpaka mitihani ipite, na mitihani ilipopita mimi nilishapata kazi upande mwingine wa mji. Kama aliangalia ile sindano na kuona ilivyokazwa, hakusema. Ami alikuwa mtu wa kuona.

Asubuhi ya Alhamisi ile nilimwona kijana kaketi kizingitini akifinya kitu mikononi. Yaweza kuwa sponji. Yaweza kuwa kipande cha mkate. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi na kila mara kilichomo mikononi mwake kinategemea hali yangu ya siku hiyo.

Mwaka jana alikuja Unguja na familia yake. Ana ndevu sasa, kanipita urefu. Mwanawe alileta lori la rimoti, la betri, akawa analirusha uani kwetu na kuku wanakimbia ovyo. Mwendo wake ni mkali kuliko lile letu, na kimya kabisa, unasikia matairi tu.

Akanipa rimoti. Nikamwambia nina mafuta mikononi, nakula.

"Hili halina moshi, kaka," akasema, akacheka, akaichukua rimoti.

Nilicheka na mimi. Mikono yangu ilikuwa mikavu na sahani ilikuwa imeshaondolewa.