Shamba langu la usiku

Mchezo wangu ni Stardew Valley, ule wa kompyuta wa kulima shamba, ambao Eric Barone aliutengeneza peke yake ukatoka 2016. Naucheza watoto wakishalala, taa nimezima, sauti naiacha chini kwa sababu muziki wake wa machipuko hunituliza kabisa. Msimu una siku 28, na ukibadilika mazao mengi hunyauka, basi napanda koliflawa siku ya kwanza kabisa na kumwagilia kila mche. Mgodini siendi sana. Mapigano hayanivutii, heri nikavue samaki. Maendeleo huhifadhiwa mhusika akilala, kwa hiyo nikishamlaza, nami nafunga kompyuta. Ila jana! Miche tisa iliungana ikawa koliflawa moja kubwa ajabu. Nilimwamsha mume wangu aje aione.